Mgeni na Ushahidi wa Makao Yake

Hotuba ya Kamati iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Masimba



Mmesikia fedha zilizoingia na zilizotoka kwa ajili ya misiba, ada za shule na wagonjwa. Lakini liko jambo moja ambalo halikuandikwa katika safu za hesabu, kwa sababu halikutugharimu hata senti moja, na hata hivyo lilitula siku nyingi kuliko mazishi yote ya mwaka. Nalo ni taabu ya wageni: vijana wetu watokao hapa Masimba kwenda kukaa Nairobi na ng'ambo, na pia wale waliokuja kukaa hapa kwetu. Kila waendapo benki au ofisini huulizwa wanakaa wapi, na ni karatasi gani inayoonyesha kwamba wanakaa hapo.

Mzee mmoja aliposikia habari hii katika kikao cha Kamati alicheka, akasema kwamba zamani mtu aliulizwa ni mtoto wa nani, na akishataja baba yake na babu yake maneno yalikwisha. Ni kweli kwa mtu aliyekuwa kwao. Lakini babu zetu waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, au Nairobi, walivaa kipande shingoni ndani ya kikasha cha bati, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915. Kipande kile kilikuwa na alama za vidole vya mtu, jina la bwana aliyemwajiri na kiasi cha mshahara wake. Sheria ya mwaka 1947 ilileta uandikishaji wa wanaume wa rangi zote, na wanawake hawakuingizwa mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Wako basi mama zetu katika mkutano huu waliokwisha kulea watoto kabla Serikali haijawapa kadi yenye majina yao. Kwa hiyo kuulizwa karatasi si jambo geni kwetu. Lililo geni ni kwamba sasa kitambulisho peke yake hakitoshi.

Binti mmoja wa hapa, ambaye jina lake hatutalitaja, alipata kazi Nairobi baada ya kumaliza mafunzo yake. Mwajiri alimwambia kwamba mishahara hupitia benki tu, akamtaka alete nambari ya akaunti. Binti akaenda benki na kitambulisho, nambari yake ya kodi na picha. Karani akamwomba bili ya umeme au ya maji yenye jina lake. Alikuwa akikaa chumba kimoja pamoja na mwenzake. Umeme wa chumba kile hununuliwa kwa tokeni, na mita ni ya mwenye nyumba. Akamwendea mwenye nyumba amwandikie barua, naye akakataa, kwa kuhofu kwamba barua yenye sahihi yake ingefika kwa watoza kodi. Akaenda kwa mkubwa wa mtaa, akaambiwa hajulikani pale, na kwamba kitambulisho chake chasema ni mtu wa Kisii, basi akaandikiwe huko kwao. Akasafiri usiku, akafika Masimba alfajiri. Hapa nyumbani alipokewa vizuri, akaandikiwa barua yenye muhuri, isemayo kwamba anajulikana, wazazi wake wanajulikana, naye ni mkazi wa kata ndogo hii. Akarudi nayo Nairobi siku ile ile. Karani akaisoma, kisha akasema, "Barua hii yasema unakaa Masimba. Sisi twataka kujua unakaa wapi Nairobi."

Wazee wetu, karani yule hakusema uongo. Kitambulisho alichokuwa nacho binti huyu, kama vile vya wengi wetu, kina nyuma yake wilaya, tarafa, kata na kata ndogo. Maneno hayo hutaja kwetu, si mahali tunapolala. Mtu aweza kukaa Nairobi miaka 30, akalipa kodi ya nyumba kila mwezi, na kadi yake bado ikamtaja kama mtu aliyetoka nyumbani jana. Baadhi yetu twaipenda hali hiyo, kwani kadi yatukumbusha mahali tutakapozikwa. Lakini benki haiulizi tutazikwa wapi.

Haifai pia kumlaumu karani peke yake. Mwaka 2009 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia fedha za uhalifu, na chini ya sheria hiyo kila benki yapaswa kumjua mteja wake, na kuweka kumbukumbu za kumjua. Nambari ya kodi nayo yatakiwa kwa sheria mtu afunguapo akaunti. Shida ni kwamba matakwa haya yafaa mtu mwenye mita ya umeme kwa jina lake na sanduku lake la posta. Mgeni aliyefika mjini wiki iliyopita hana kimojawapo, naye ndiye mwenye haja kubwa ya akaunti, kwa sababu mshahara wake wa kwanza wamngoja.

Binti yule mwishowe alikuja kwetu. Katibu akaandika barua, Mwenyekiti akatia sahihi, nasi tukaona tumemaliza kazi. Benki ikaomba kuona cheti cha usajili wa chama. Tulipofungua kabati tukakuta kwamba cheti chetu hakijafanywa upya, ingawa sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 ilikwisha kutungwa, na jambo hilo lilitajwa katika mikutano miwili ya Kamati na kuahirishwa mara zote mbili. Basi barua yetu ikawa karatasi tu. Twasema hili mbele yenu bila kuficha. Fedha zenu mwaka uliopita tulizitunza vizuri. Jina la chama hatukulitunza. Binti alipata akaunti katika wiki ya tisa, kwa barua ya mwajiri wake, ambayo angaliweza kuiomba siku ya kwanza kama mmoja wetu angalijua kumwambia. Wiki hizo alikula kwa mkopo, na deni lile alilimaliza karibu na Krismasi.

Liko neno lingine baya zaidi. Kijana asiye na kitambulisho, au aliyekipoteza na bado angoja kingine, hawezi kuandikisha laini ya simu wala kufungua M-Pesa kwa jina lake. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi mwaka 2007, wengi wetu tumeifanya kuwa benki yetu, na vijana wamepata njia ya mkato: hutumia laini ya ndugu. Mmoja wa vijana wetu aliweka akiba ya miezi 14 ya kazi ya mjengo katika laini ya binamu yake. Binamu akafa kwa ajali ya barabarani. Fedha zilizo katika laini ya marehemu ni za warithi wake kwa sheria, na mjane hakuwa na sababu ya kuamini maneno ya kijana ambaye hakuwa na hata mstari mmoja wa maandishi. Tuliketi nao mara tatu. Mara ya tatu mjane alikubali kutoa nusu, kwa huruma yake, si kwa kuwa tulimwonyesha ushahidi. Kijana alishukuru, lakini tangu siku ile watu wa nyumba hizo mbili hawasalimiani kama zamani. Wazazi mlio hapa, mjueni mtoto wenu anatumia laini ya nani.

Ndugu zetu wa Minnesota, huko Marekani, wametuletea habari kama hizo. Abagusii ni wengi huko, hasa katika miji iliyo kando ya Minneapolis kama Brooklyn Park, na kila mwaka hupokea wageni. Kwa kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2003, benki ya Marekani lazima ipate jina la mtu, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya makao na nambari ya utambulisho kabla ya kumfungulia akaunti. Kisha atakaye kadi ya jimbo iliyo ya namna ya sheria ya mwaka 2005, ile inayotakiwa katika viwanja vya ndege tangu tarehe 7 Mei 2025, lazima aonyeshe karatasi mbili za makao, na miongoni mwa karatasi zinazokubaliwa ni taarifa ya benki. Benki yataka kadi, na kadi yataka karatasi ya benki. Mgeni aliyefikia kwa shangazi yake hana mkataba wa nyumba wala bili. Jina lake haliko mahali popote katika nyumba ile ila vinywani mwa watoto. Wakongwe wa huko humwambia mgeni aandike anwani moja tu tangu karatasi ya kwanza kabisa, herufi kwa herufi, hata nambari ya mlango, wala asiitupe bahasha yoyote iliyofika kwa posta yenye jina lake. Shauri hilo ni dogo, lakini tumeona likiwaokoa watu miezi.

Tusidhani kwamba haya ni ya mbali tu. Hapa Masimba pia wako wageni, nao ni wake zetu. Serikali ilipoandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya bei nafuu, ile iliyotoka kwa shilingi 3,500 mfuko wa kilo 50 mwaka 1922—

— twaomba radhi, wazee, ulimi wa msomaji umeteleza. Ni mwaka 2022 — kisha ikashuka kuwa shilingi 2,500 mwaka 2023, mama mmoja aliyeolewa hapa kutoka upande wa Nyamira aliambiwa na mwandikishaji kwamba kadi yake ni ya Nyamira, na shamba ni la baba mkwe. Mama huyu amelima shamba lile miaka 11. Kila jirani amjua kwa jembe lake. Mumewe yuko mjini, na baba mkwe ni mgonjwa asiyeweza kutembea hadi barazani. Mzee wa kijiji alisimama, akasema kwa sauti mbele ya watu kwamba huyu ndiye alimaye, na jina likaandikwa. Lakini msimu ule mahindi yalikwisha kuota, na mbolea ya kupandia ilikuwa imepitwa na wakati wake.

Twapenda wazee walitafakari tendo la yule mzee wa kijiji. Alitoa ushahidi kwa jambo alilolijua kwa macho yake, mahali ulipotakiwa. Barua zetu nyingi hazifanyi hivyo. Husema kwamba mwenye barua ni mtu mwema wa familia njema. Hazisemi analala wapi, tangu lini, na nani amemwona huko.

Kwa hiyo Kamati imeamua mambo haya. Cheti cha chama kimekwisha kufanywa upya, na nakala yake imebandikwa ukutani mtakapopita. Barua ya makao itatolewa tu baada ya wanachama wawili wa mji ule kwenda kuuona mlango wa mgeni, na majina yao yataandikwa katika barua pamoja na nambari zao za simu. Yako manung'uniko juu ya kanuni hii. Kijana mmoja alitaka tuandike kwamba anakaa mtaa asiokaa, ili mdogo wake apate msaada wa ada za shule katika jimbo lile. Tulikataa. Baba yake yuko katika mkutano huu, na twajua hajaturidhia bado. Twamheshimu, lakini benki au ofisi ikigundua barua moja ya uongo, hakuna binti wa Masimba atakayeaminiwa tena kwa muhuri wetu.

Kuhusu majina, twaomba sana. Karatasi nyingi zilizotushinda hazikushindwa kwa makao bali kwa tahajia. Cheti cha kuzaliwa kina Nyaboke, cheti cha shule kina Nyaboki, kadi ya kliniki ina jina la ubatizo peke yake. Sisi hapa twajua ni mtoto mmoja; kule mjini ni watu watatu. Wako pia watoto waliozaliwa nyumbani ambao hawakuandikishwa kabisa, na wazazi hukumbuka jambo hilo mtoto afikapo miaka 18 na kutaka kitambulisho.

Baada ya chakula Katibu atakaa kwenye meza iliyo karibu na mlango, akiwa na kitabu kipya. Kila mwenye mtoto atakayeondoka Masimba baada ya mwezi wa Januari aje na cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo, cheti cha shule na kitambulisho ikiwa anacho, tuvisome pamoja herufi kwa herufi. Asiye na cheti cha kuzaliwa asione haya kuja. Ataandikwa katika ukurasa wake, na wanachama wawili watafuatana naye hadi ofisi ya uandikishaji Jumatatu. Walio na ndugu Nairobi wenye chumba na nafasi ya kumpokea mgeni, nao wajiandikishe upande wa pili wa kitabu, pamoja na mtaa wao.