Sentensi Isiyo na Mtenda
Mhadhara wa umma, Lupiro



Leo asubuhi nimeshuka pale njia panda, gari la Mahenge linapoachana na la Malinyi, nikanunua maandazi matatu. Mama muuzaji akanifungia kwenye kipande cha gazeti la udaku, la zamani kiasi kwamba karatasi ilishageuka njano. Maandazi yameisha, karatasi ninayo hapa mfukoni. Kuna picha ya msichana aliyefunikwa macho kwa utepe mweusi, lakini sare ya shule inaonekana mpaka nembo. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa: DENTI APEWA MIMBA, NDOTO ZAYEYUKA.

Nimeisoma habari yenyewe mara mbili, mafuta yakiniruhusu. Alirubuniwa. Alidanganywa. Alipewa mimba. Aligunduliwa. Alifukuzwa. Nimetafuta aliyerubuni, aliyedanganya, aliyempa hiyo mimba, sikumwona. Hata umri wake haukutajwa. Chipsi zimetajwa, tena chipsi mayai, na pikipiki imetajwa. Mtu akisoma bila kufikiri ataamini mtoto huyu alipewa mimba na sahani.

Mada niliyopewa ni elimu ya afya ya uzazi kwa vijana, na dharau kwa wanawake katika vyombo vya habari. Nitazizungumza kama jambo moja, kwa sababu kijana wa Lupiro huzipokea kama jambo moja. Kabla hajafundishwa mimba inavyotungwa, ameshafundishwa mara elfu nani wa kulaumiwa ikitungwa.

Funzo la mbu

Namna ya kumtafuta mtenda tunaweza kujifunza kwa mbu, na watu wa hapa hamhitaji mgeni awaeleze habari zake. Jina la Lupiro limechapwa katika majarida ya sayansi duniani kwa sababu yake. Tangu mwanasayansi Rudolf Geigy wa Basel alipoanzisha maabara ndogo Ifakara katika miaka ya 1950, maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, watafiti wamekuwa wakiuvuka mto Kilombero kuja kwenu. Wamejenga vibanda vya majaribio, wamehesabu mbu wanaoingia na wanaotoka, wamewafuata hadi kwenye majaruba ya mpunga wanakozaliana.

Nataka mtazame jinsi akili yao ilivyofanya kazi. Mtoto alipolala na homa, walimtibu. Kisha wakauliza nani kamuuma, kaingilia wapi, kazaliwa katika dimbwi gani. Hakuna aliyemsimamisha mtoto mbele ya wenzake akamuuliza kwa nini ulikubali kuumwa.

Na mawasiliano yalikuwa nusu ya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa KINET ulisambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Wazazi wengi wakati ule hawakuihesabu degedege kuwa malaria. Waliipeleka kwa mganga. Kwa hiyo wahamasishaji walilazimika kuanzia kwenye maneno ya watu wenyewe. Chandarua kikapewa jina lisilohitaji mkalimani, Zuia Mbu, kikauzwa madukani kama sabuni na kibiriti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne, kulala ndani ya chandarua chenye dawa kuliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Bonde hili limeshawahi kubadili mazoea ya usiku, mle ndani ya nyumba, kwa mazungumzo yaliyopangwa vizuri.

Kwenye mimba za wanafunzi tunafanya kinyume chake. Kwa miaka mingi shule nchini ziliwapanga wasichana mstari na kuwapima mkojo, na aliyekutwa na mimba alitolewa. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba upimaji huo wa lazima na kufukuzwa huko kumevunja haki za watoto. Serikali ilikuwa imeshatangaza, Novemba 2021, kwamba waliojifungua waruhusiwe kurudi darasani. Nashukuru kwa hilo. Lakini kumbukeni picha ya ule mstari: wasichana peke yao, kila mmoja na kikopo chake, wavulana wakichungulia dirishani. Somo gani la afya ya uzazi lingeweza kushindana na hilo?

Kauli ya kutendwa

Kiswahili chetu ni hodari wa kumficha mtenda. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Hapo tumezoea, na sijaja kuvunja ndoa za watu. Ninachoomba mkisikilize ni kauli ya kutendwa inapogeuka pazia. "Amebakwa." "Amepachikwa mimba." "Ameharibikiwa." Kwenye taarifa za ofisi tunaandika "mimba za utotoni", kana kwamba ni ugonjwa wa umri fulani, kama surua. Na familia zinapokaa kikao, gunia la mpunga likabadilisha ghala, tunasema "wamemalizana". Waliomalizana ni wanaume wawili. Msichana ndiye kwanza anaanza.

Sheria haina haya hiyo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyopiganiwa na wanaharakati wengi wakiwemo wanahabari wanawake wa TAMWA, inamtaja mtenda. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamtaja pia: anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Papo hapo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, mvulana akisubiri 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alilipeleka suala hilo Mahakama Kuu akashinda Julai 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamthibitishia ushindi. Lakini sheria yenye mtenda haifiki mbali katika kijiji chenye sentensi zisizo na mtenda. Polisi humwuliza shahidi, na shahidi ameshazoea kusema "alipewa".

Mwili wenye lugha mbili

Katika shule moja ya sekondari niliwahi kuweka sanduku la maswali, boksi la sabuni lililotobolewa juu. Wiki ya kwanza lilijaa. Nawasomea machache: "Ukiruka kamba baada ya tendo, mimba inatoka?" "Ni kweli mvulana asipofanya atashikwa na mgongo?" "Mara ya kwanza huwa haishiki?"

Wanafunzi hao walikuwa wanasoma baiolojia na wangeweza kukuchorea mfumo wa uzazi wa binadamu kwenye daftari, umewekwa mishale na majina. Kwa Kiingereza. Nilipowaomba wanitajie sehemu hizohizo kwa Kiswahili, darasa zima liliinama na kucheka, kwa sababu Kiswahili walichokuwa nacho ni cha kijiweni, yaani matusi. Mtoto wetu anaujua mwili wake kwa Kiingereza cha mtihani na kwa matusi ya mtaani. Lugha ya katikati, ya heshima, anayoweza kuitumia kumwambia mama yake "hapa pananiuma", hana.

Zamani lugha hiyo ilikuwepo. Wazee wa Kipogoro walimweka mwali ndani, akawa na wa kumweleza kilichomtokea. Sitaudharau unyago mbele yenu. Mwanafunzi wa leo anayeona damu kwa mara ya kwanza na kudhani amekatika ndani, angemhitaji sana somo wake. Ila tuseme ukweli wote. Mafunzo yale yalimwandaa binti amridhishe mume, na mengi hayakumwambia anaruhusiwa kukataa. Na mvulana siku hizi, jando lake limekuwa simu.

Redio, nyimbo na marufuku

Mwaka 2018 ulitufunza kitu. Septemba, matangazo ya uzazi wa mpango yalisimamishwa redioni na kwenye televisheni. Novemba, Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa kukiuka maadili. Ndani ya miezi mitatu tulifungia elimu na tukafungia uchafu. Uchafu ukahamia mitandaoni ukasikilizwa zaidi. Elimu haikuwa na pa kuhamia.

Tumewahi kufanya vizuri zaidi. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa "Twende na Wakati". Wenye umri wangu mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu, aliyemvumilia mpaka akachoka, akasimama kwa miguu yake. Dodoma haikurushiwa mchezo huo kwa miaka miwili ya mwanzo ili watafiti walinganishe, na tofauti ilionekana: kwingineko uzazi wa mpango uliongezeka zaidi. Nadhani nguvu ya mchezo ilikuwa kwamba Mkwaju alikuwa mtenda wa kila sentensi yake. Alicheka, alitamba, aliugua UKIMWI, akafa, na msikilizaji aliona ni yeye aliyetembea hatua kwa hatua mpaka pale. Chipsi hazikuhusika.

Mwaka 1999 jarida la Femina, ambalo leo ni Fema, lilianza kuwapa vijana majibu kwa Kiswahili chao, na baadaye klabu zake zikaenea shuleni. Miaka hiyohiyo mkoani Mwanza mradi wa MEMA kwa Vijana ulipimwa katika jamii 20, kwa masomo ya darasani na huduma rafiki kwa vijana katika zahanati. Matokeo yake tuyasikilize kwa unyenyekevu: maarifa yalipanda na yakadumu miaka, lakini maambukizi ya VVU hayakushuka. Msichana alijua kondomu hufanya nini. Mwenye kuamua itumike au isitumike alikuwa mtu mzima mwenye fedha, ambaye hakuwa darasani na ambaye kijiji kizima kilimwona hana kosa.

Tuanzie wapi

Wavulana si mbu, na atakayetoka hapa akisema nimewaita mbu atakuwa amenisingizia. Mvulana anazaliwa sawa na dada yake. Ninachokitafuta ni dimbwi analokulia, na dimbwi hilo ni maneno.

Kalenda yenu inaonyesha pa kuanzia. Mpunga ukianza kukomaa, wazazi huhamia mashambani, wakalala kwenye madungu kufukuza ndege, na mabinti hubaki kijijini na wadogo zao. Mavuno yakiingia, fedha inaingia, na wanunuzi pamoja nayo. Elimu ya vijana isisubiri maadhimisho ya Siku ya UKIMWI Duniani, Desemba. Itangulie mavuno, na ielekezwe kwa wanaume wenye magunia.

Redio zetu za bondeni, kama Pambazuko FM ya Ifakara, nazo naziomba kitu kisichogharimu hata shilingi. Habari ya mimba ya mwanafunzi ikifika mezani, mhariri asiirushe mpaka sentensi yake ya kwanza iwe na mtenda. Kama hajulikani, isemwe kwamba anatafutwa.

Nirudi kwenye sanduku. Karatasi ya mwisho ilikuwa na mwandiko wa mvulana. Alijitambulisha mwenyewe baadaye. Aliandika: "Mwalimu, nitajuaje kama hapana yake ni ya kweli?" Nilimwuliza ni nani aliyemwambia kuna hapana ya uongo. Akafikiri sana. Akataja wimbo, akataja filamu, akataja wakubwa wa kijiweni, mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Hata nyumbani." Alikuwa ameyataja madimbwi yake yote, moja baada ya jingine, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Wiki iliyofuata niliwapa wanafunzi wale kichwa cha habari cha namna ya hiki nilichonacho mfukoni, nikawaambia wakiandike upya, wavulana kwa wasichana, kwa sharti moja: aliyetenda awepo. Walihangaika robo saa. Wengine waliandika "Chipsi zampa mimba" wakacheka wenyewe, wakafuta. Yule mvulana wa hapana ndiye aliyesoma wa kwanza. Alikuwa ameandika: "Mwanamume mwenye mke na watoto wanne ampa mimba mwanafunzi, kijiji chamficha."

Darasa lilinyamaza. Halafu msichana mmoja wa mbele akasema, "Soma tena."