Pikipiki Kuukuu: Uitengeneze au Uiuze Ilivyo?

Pikipiki yako imechoka na kazi ya bodaboda, unataka kuiuza, na fundi anasema, "Tufungue injini kwanza, itapata bei nzuri." Usimpe hela bado.

Iwashe asubuhi ikiwa ya baridi. Ikitoa moshi wa buluu kidogo kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu, kazi isiyo kubwa. Ikifuka kila ukivuta mafuta, na oili inapungua, ringi au silinda imelika. Hapo nenda kwa wanunuzi wawili watatu, uliza bei yake ilivyo na bei yake ikiwa nzima. Tofauti isipozidi gharama ya spea na ufundi, iuze ilivyo, ukimweleza mnunuzi ugonjwa wake. Kwa maoni yangu, injini iliyofunguliwa juzi humtia mnunuzi wasiwasi kuliko kumvutia.

Breki, taa na tairi ni habari nyingine. Hizo tengeneza hata kama hela hairudi, maana kesho itapakiwa mama na mtoto mgongoni.

Na fremu iliyopasuka shingoni? Tafadhali, usiichomelee ukapaka rangi kuficha. Iuze kama spea.

Mkikubaliana, andikianeni mkataba, kisha mhamishe umiliki kwenye Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kadi ya pikipiki ikibaki na jina lako, makosa ya barabarani ya mwenzio yataendelea kukutafuta wewe.