Kagua Nyumba Kabla ya Kulipa

(Mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa parokia)

Tuliwaahidi kuzungumza juu ya nyumba. Zamani vikundi vikija ofisini vilikuwa vikiuliza juu ya ng'ombe wa gredi na tangi za maji. Siku hizi swali ni moja: "Tuna akiba yetu, tumeona nyumba ya kupangisha pale sokoni, mnasemaje?" Ni maendeleo, hatukatai. Lakini leo tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa maana wengine wenu mmekwisha kulisikia njiani na ni afadhali mlisikie kwetu.

Kikundi kimoja cha akina mama 22 kiliweka akiba miaka sita. Kikapata nyumba ya mawe, vyumba vinane, paa la mabati, kwa shilingi 1,600,000. Sisi wa ofisi tulikwenda nao hatua kwa hatua. Tulifanya utafutaji katika ofisi ya ardhi, tukaona jina la muuzaji ndilo lililo katika hati na hakuna deni la benki juu ya ploti. Wakili aliandika mapatano. Karatasi zilikuwa safi kabisa. Siku ya kupewa funguo tulialikwa, tukaimba, tukala chapati. Mwezi ulikuwa wa Januari, jua kali. Hakuna hata mmoja wetu aliyepanda darini. Hakuna aliyeuliza kwa nini ukuta wa nyuma peke yake ulikuwa umepakwa rangi mpya.

Mvua za Aprili zikaja. Ufa ukatokea kwenye pembe ya dirisha la nyuma ukashuka mpaka chini, kidole kinaingia. Vyumba viwili vikawa na maji sakafuni. Shimo la maji taka likafurika uani. Wapangaji watano wakahama mwezi mmoja. Matengenezo yalikula shilingi 310,000, na pesa hizo zilitoka katika mfuko wa karo za watoto. Mwenyekiti wao akatuuliza, "Nyinyi ndio mliosoma. Mbona hamkutuambia?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekagua karatasi, nyumba yenyewe hatukuikagua.

Basi hapo ndipo tulipojifunza kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Utafutaji wa ofisi ya ardhi, ambao siku hizi kwa baadhi ya sehemu hufanywa katika mtandao wa Ardhisasa ulioanzishwa mwaka 2021, hukuambia ploti ni ya nani. Mthamini anayetumwa na benki hukuambia nyumba ina bei gani. Yeye hutazama mahali, ukubwa, barabara, na bei za majirani. Kazi yake ni kuilinda benki. Wengi husema, "Benki imekubali, basi nyumba ni nzima." Sivyo. Jambo la tatu ni ukaguzi wa nyumba yenyewe, yaani kuanzia msingi mpaka kofia ya paa, na huo hakuna anayekufanyia kama hukuuomba. Na sheria yetu ya mauziano ya nyumba ina desturi ya zamani iliyotoka kwa Waingereza: mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Ukisha kulipa na ufa ulikuwa unaonekana kwa macho, mahakama itakuuliza kwa nini hukutazama.

Sasa ukaguzi uko wa namna kadhaa, kulingana na nani anauomba.

Wa kwanza ni wa mnunuzi. Huu ufanywe kabla ya kutoa amana, ile asilimia kumi ambayo mawakili huiandika katika mapatano. Kama muuzaji ana haraka, mwambie wakili aweke kifungu kwamba ununuzi utategemea ripoti ya mkaguzi. Muuzaji akikataa mtu asipande darini kwake, hilo nalo ni jibu.

Mkaguzi mzuri huanza nje, tena mbali kidogo. Hutazama ardhi inateremka wapi, maji ya mvua yanakwenda wapi. Huuliza udongo. Mahali penye ule udongo mweusi wa kunata, ambao mafundi huuita bleki-koton, ardhi huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na msingi usiofika chini ya udongo huo huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Ndivyo ilivyokuwa kwa akina mama wetu. Kisha hutazama nyufa. Si kila ufa ni ugonjwa. Ufa mwembamba kama unywele katika plasta ni plasta tu imekauka. Ufa unaopanda kwa ngazi katikati ya mawe, au unaotoka pembe ya mlango au dirisha kwa mshazari, upana wake ukiwa mkubwa upande mmoja kuliko mwingine, huo unasema nyumba inatembea. Mlango uliokuwa ukifungika na sasa unagoma unasema vivyo hivyo.

Ndani hugonga plasta kwa vidole asikie kama ni tupu. Hunusa. Chumba chenye unyevu hunuka hata kikipakwa rangi jana. Huzima taa na kutazama mabati saa sita mchana, maana tundu la msumari huonekana kama nyota. Hupanda darini na kisu kidogo, akichoma mbao za paa. Mbao iliyoliwa na mchwa kwa nje ni nzima, kwa ndani ni karatasi. Hufungua mifereji yote kwa wakati mmoja aone kama maji yanashuka kwa nguvu na yanaondoka wapi. Hufunua kifuniko cha shimo la maji taka, jambo ambalo sisi wenye viatu vizuri hatulipendi. Kama kuna kisima, hupima umbali wake na choo. Maofisa wa afya hutushauri visikaribiane chini ya mita 30, na kisima kiwe upande wa juu.

Tunaongeza neno moja tulilolilipia bei: nyumba ikaguliwe wakati wa mvua kama inawezekana. Kama ni kiangazi, waulize wapangaji na majirani Aprili iliyopita ilikuwaje. Mtoto wa mpangaji atakuambia ukweli wote kabla mama yake hajamkonyeza.

Ukaguzi wa pili ni wa nyumba inayojengwa, na huu ndio unaosahauliwa zaidi kwa sababu watu hufikiri nyumba mpya haina kasoro. Kumbukeni Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016. Jengo la ghorofa lililokuwa karibu na mto lilianguka usiku wa mvua kubwa, wakafa karibu watu 50. Lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa si salama, na watu walikuwa bado wanalipa kodi humo. Wengine wetu hapa tuna watoto wanaopanga vyumba vya namna hiyo mjini. Ukiona alama ya X nyekundu iliyochorwa na wakaguzi wa serikali ukutani, si mapambo ya siasa.

Nyumba inayojengwa hukaguliwa kwa hatua, maana hatua moja huifunika nyingine. Mtaro wa msingi utazamwe kabla haujamwagwa konkriti. Vyuma vitazamwe kabla havijafunikwa: unene wake, nafasi kati yake, na kama vimeinuliwa juu kidogo au vimelala chini kwenye udongo. Konkriti imwagiliwe maji angalau siku saba, na mbao za kushikilia zisitolewe kwa haraka ya fundi kuzipeleka kazi nyingine. Nguvu ya konkriti kwa kawaida huhesabiwa baada ya siku 28. Kama imekwisha kufunikwa na mna shaka, mhandisi ana nyundo maalumu ya kupima ugumu wake bila kuubomoa ukuta. Mkaguzi wa kaunti ana wajibu wa kufika katika hatua hizo, na kazi na mkandarasi waandikishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Msingoje aje mwenyewe. Mwenyekiti aende ofisini aandike barua, abaki na nakala yenye muhuri.

Ukaguzi wa muuzaji hatutauzungumza sana. Watu hucheka tukiutaja: "Nitalipa mtu anitafutie ubaya wa nyumba yangu?" Lakini kikundi kimoja cha vijana kilifanya hivyo kilipotaka kuuza kibanda chao cha mawe. Mkaguzi alikuta mabati mawili yamekufa na waya za stima zimeungwa kwa nailoni. Walitengeneza kwa pesa kidogo, wakamwonyesha mnunuzi ripoti pamoja na risiti, na mnunuzi hakuwa na pa kushikia kupunguza bei. Na wamelala usingizi, kwa sababu hawakumwuzia mtu moto ndani ya ukuta.

Halafu kuna mwenye nyumba asiyeuza wala kununua. Huyu anahitaji ukaguzi mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua ndefu, na sehemu kubwa anaweza kuifanya mwenyewe kwa ngazi na daftari. Asafishe mifereji ya paa. Akate mti uliokaribia msingi. Atazame njia za mchwa, zile mistari ya udongo inayopanda ukutani. Kwa ufa wenye shaka, achukue kipande chembamba cha kioo akigandishe kwa simiti juu ya ufa, ncha moja upande huu na nyingine upande ule, kisha aandike tarehe kando yake. Ukuta ukisogea kioo kitavunjika. Ni kipimo cha bei rahisi, na wahandisi wamekitumia miaka mingi.

Mambo mengine yana mabingwa wake, na hapo tusijidanganye. Stima ikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mwombe akuonyeshe. Atazame kama waya wa kushuka ardhini upo kweli, maana mara nyingi tumekuta umekatwa ukauzwa. Nyumba za zamani zenye paa la asbesto msizivunje wala kuzikata kwa msumeno: vumbi lake huingia mapafuni na huleta saratani baada ya miaka mingi. Kuliondoa ni kazi ya waliopewa leseni na NEMA.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni, "Je, fundi wetu hatoshi?" Swali zuri, na jibu letu ni kwamba inategemea fundi na inategemea nyumba. Katika nchi kama Marekani mkaguzi wa nyumba ni kazi yake peke yake. Hapa kwetu hupatikana kwa wapima majengo walio katika chama cha wapima, ISK, na kwa wahandisi walioandikishwa na Bodi ya Wahandisi. Kwa nyumba ya ghorofa, au pesa zinazofika milioni, tafuteni hao, hata mkichanga vikundi viwili mumlete kwa siku moja aone nyumba zote mbili. Kwa vyumba vya chini vya kawaida, fundi mzee mwaminifu anaweza kuona mengi. Lakini asiwe fundi aliyeijenga, wala jamaa ya muuzaji, wala yule atakayepewa kazi ya kutengeneza. Huyo wa mwisho ataona magonjwa hata yasiyokuwapo. Na dalali, jamani, dalali si mkaguzi. Yeye hulipwa nyumba ikiuzwa.

Mtakayemchukua, mwambieni aandike. Maneno ya mdomo hupotea njiani. Ripoti iseme yapi yanaweza kuangusha nyumba au kuua mtu, yapi yatakula pesa katika miaka michache, na yapi ni ya kawaida tu. Kila moja na makisio ya gharama. Karatasi hiyo ndiyo mtakayokwenda nayo kwa muuzaji. Ama atengeneze, ama apunguze bei, ama mwachane kwa salamu. Akiahidi kutengeneza baadaye, iingizwe katika mapatano, kwa sababu mapatano ya ardhi na nyumba lazima yawe ya maandishi, yametiwa sahihi na kushuhudiwa.

Gharama? Ulizeni watu wawili au watatu, bei hutofautiana. Kikundi kingine kilichokuja kwetu baadaye kiliona ada ya mhandisi ni kubwa mno, wakanung'unika wiki nzima, kisha wakalipa. Nyumba ile waliiacha. Mweka hazina wao bado anasema pesa za mhandisi zilipotea, kwa kuwa hawakupata nyumba. Wenzake wanamjibu kila mkutano.

Kuhusu wale akina mama 22, msingi wa nyuma ulichimbwa upya na kutiwa konkriti, na mtaro wa maji umezungushwa nyumba yote. Wapangaji watatu wamerudi, na mfuko wa karo unalipwa kidogo kidogo. Juu ya ule ufa tuliweka kioo, na tarehe tuliiandika sisi wenyewe kwa penseli, mwenyekiti akisimama nyuma yetu na kutazama. Mpaka jana kilikuwa kizima. Mvua ndefu bado hazijakipita.