Uchaguzi wa Metali za Kupozea Kompyuta: Upitishaji Joto na Tatizo la Kiungo

Maana

Upitishaji joto ni kipimo cha wepesi wa joto kusafiri ndani ya kitu kutoka upande wa moto kwenda upande wa baridi. Hupimwa kwa wati kwa mita kwa kelvini, na hesabu yake iliwekwa na Mfaransa Joseph Fourier katika kitabu chake cha mwaka 1822. Kipozajoto ni kipande cha metali kinachokaa juu ya prosesa, kikipokea joto kwa kitako na kulitoa hewani kwa mapezi, mara nyingi kwa msaada wa feni. Hayo yanafahamika na hayahitaji kurefushwa.

Metali zenyewe

Katika halijoto ya kawaida ya chumba fedha hupitisha takriban wati 429, shaba nyekundu 400, dhahabu 318 na alumini safi 237. Chuma cha pua hakifiki hata 20, na ndiyo sababu sufuria nzuri za chuma hicho hubandikwa kitako cha alumini au shaba. Fedha na dhahabu huondolewa na bei. Wanaobaki uwanjani ni shaba na alumini.

Takwimu ya 237 ni ya alumini safi, na alumini safi ni nadra kuikuta ndani ya kompyuta. Aloi ya 6063, inayotumika sana kutengenezea mapezi, hupitisha takriban 200. Aloi za kumimina kwenye kalibu hubaki karibu na 100. Waraka wa zabuni unaodai “alumini” bila kutaja aina ya aloi bado haujadai kitu. Shaba nayo ina mtego wake: ya njano, iliyochanganywa na zinki, hupitisha karibu wati 120 tu, na vipo vipozajoto vya alumini vilivyopakwa rangi ya shaba juu. Mzani hauongopi hapo. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96, ya alumini gramu 2.70.

Uzito huohuo ndio udhaifu wa shaba. Kipozajoto cha alumini cha gramu 300, kikitengenezwa kwa shaba kwa umbo lilelile, hukaribia kilo moja, na katika kompyuta ya mezani iliyosimama wima kilo hiyo huning’inia kwenye madabodi. Watengenezaji wamepita njia ya kati: kitako cha shaba, mapezi ya alumini, na mirija ya joto katikati. Mrija wa joto ni bomba la shaba lililozibwa pande zote, ndani yake mna maji kidogo kwenye mgandamizo mdogo. Maji huchemka upande wa prosesa, mvuke hukimbilia upande wa mapezi na kugeuka maji tena, nayo hurudi kwa kunyonywa na tabaka la unga wa shaba ulioshikamana na ukuta wa bomba. Hapo mzigo wa joto hubebwa na mvuke, na jedwali la metali halina neno kubwa la kusema.

Kiungo kati ya prosesa na metali

Mabishano mengi ya ununuzi huishia kwenye swali la shaba au alumini. Hesabu ndogo inaonyesha swali hilo lina uzito gani. Chukua prosesa ya wati 65 na kitako cha sentimita 4 kwa 4 chenye unene wa milimita 5, joto likiwa limesambaa sawasawa. Kitako cha shaba hupoteza nusu nyuzi kati ya uso wa chini na wa juu. Cha alumini ya wati 200 hupoteza nyuzi moja. Bei imepanda, uzito umezidi mara tatu, na faida ni nusu nyuzi. Ni kweli kwamba joto huanzia kwenye kipande kidogo cha silikoni, na katika kulitawanya kutoka hapo shaba huonyesha ubora wake zaidi. Hata hivyo tofauti hubaki ya nyuzi chache.

Sasa iwekwe nafasi ya hewa ya milimita 0.1 kati ya prosesa na kitako hicho. Hewa hupitisha wati 0.026 tu, na hesabu ileile hutoa tofauti inayozidi nyuzi 150. Haifiki huko kwa sababu metali hugusana hapa na pale, na kwa sababu prosesa hujipunguzia kasi au kujizima ikikaribia nyuzi 100. Nafasi hiyohiyo ikijazwa pesti ya joto ya wati 4, tofauti hushuka hadi nyuzi moja. Tabaka jembamba kama karatasi hupinga joto sawa na bamba zima la alumini la milimita 5, nalo ndilo halitajwi kwenye zabuni.

Pesti huchoka. Kila kompyuta inapowashwa na kuzimwa, metali hutanuka na kusinyaa, na pesti husukumwa kidogo kidogo kuelekea kingoni. Inayobaki katikati hukauka, hupasuka na kugeuka unga. Mwambao wa Afrika Mashariki hauisaidii. Mchana wa Februari Dar es Salaam hufika nyuzi 32, na joto la prosesa huhesabiwa kuanzia hapo.

Dalili za pesti iliyochoka kila fundi anazijua: feni inaunguruma, mashine inakuwa nzito, kisha inajizima. Inapelekwa kwa fundi, inapulizwa vumbi kwa blowa, inarudi ofisini, na baada ya muda mfupi inajizima tena. Mikataba ya huduma inayoandika “kusafisha kompyuta” na kuishia hapo hulipia kupuliza peke yake, na fundi anayefungua kipozajoto na kubadilisha pesti hufanya hivyo kwa hasara yake. Bila kunyooshea kidole idara yoyote, inabidi isemwe wazi kwamba huenda kompyuta nyingi zilizoandikiwa kuondolewa hazikuwa na ugonjwa mwingine zaidi ya pesti iliyokauka.

Kuna pia tiba za mkato. Dawa ya meno hupoza vizuri siku za mwanzo kwa sababu ina maji. Yakishakauka, kinachobaki ni unga mkavu. Kipande cha shaba kinachochomekwa kwenye laptopu badala ya pedi laini huongeza kiungo cha pili, na kisipopakwa pesti pande zote mbili kimeongeza tatizo. Pesti ya galiamu, ambayo hupitisha joto kuliko pesti zote za kawaida, huila alumini hadi ikamomonyoka; ipakwe kwenye shaba iliyofunikwa nikeli tu. Hadhari kama hiyo inahusu upozaji wa maji: bloku ya shaba na rejeta ya alumini zikishiriki maji mamoja, alumini huliwa.

Mapendekezo

Zabuni zitaje kiwango cha juu cha joto la prosesa ikiwa na kazi kamili katika chumba cha nyuzi 32, badala ya kutaja shaba. Pale metali inapolazimika kutajwa, aina ya aloi iandikwe, na bidhaa ipimwe kwa mzani wakati wa kupokelewa. Shaba iachwe kwenye kitako na mirija. Mapezi yabaki alumini.

Mikataba ya huduma itenganishe kupuliza vumbi na kubadilisha pesti, na kila moja iwe na bei yake. Fundi alipwe kwa kufungua kipozajoto. Pesti ya zamani ifutwe kwa spiriti na kitambaa, si kukwanguliwa kwa bisibisi, kwa kuwa mkwaruzo ni nafasi nyingine ya hewa. Skrubu zikazwe kwa kupishana pembe, kidogo kidogo, ili kitako kikae sawa. Dawa ya meno ipigwe marufuku kwa maandishi. Galiamu isiwekwe kwenye stoo ya ofisi yenye vipozajoto vya alumini.

Kompyuta isiandikiwe kuondolewa kwa sababu ya joto kabla pesti haijabadilishwa na joto kupimwa upya. Na katika zabuni ijayo, pesti ipewe mstari wake wenyewe: aina, kiasi, na tarehe ya mwisho ya kutumika.