Ule Ujumbe wa "Sasisha Sasa" Unaoufunga Kila Siku



Leo tuongee jambo ambalo wengi wetu tunalidharau. Kila mmoja hapa ameshaona kile kiujumbe kwenye simu au kompyuta: "Toleo jipya liko tayari. Sasisha sasa." Na tunafanya nini? Tunabonyeza "baadaye". Baadaye ya leo, baadaye ya kesho, mpaka mwaka unaisha. Najua sababu zetu: bando ni ghali, simu imejaa. Hizo nitazirudia. Kwanza niwasimulie kisa.

Tarehe 12 Januari 2010, kampuni ya Google ilitangaza hadharani kwamba imedukuliwa, na kwamba shambulio lilitoka China katikati ya Desemba 2009. Kampuni nyingine kubwa zisizopungua 20 zililengwa pia. Google ikasema ina ushahidi kwamba lengo moja la wadukuzi lilikuwa kufikia akaunti za Gmail za watetezi wa haki za binadamu wa China. Akaunti mbili ziliguswa, na walichoonekana kupata humo ni vitu kama tarehe ya kufunguliwa kwa akaunti na vichwa vya barua, si barua zenyewe. Lakini uchunguzi ulifichua jingine. Akaunti za makumi ya watetezi wa haki, walioko Marekani, Ulaya na China kwenyewe, zilikuwa zikifunguliwa na watu wengine mara kwa mara. Na hao hawakupitia mlango wa Google. Kwa maelezo ya Google, yaelekea walipitia kwa wenye akaunti wenyewe: ama walihadaiwa, ama kompyuta zao zilikuwa zimeingizwa programu za ujasusi.

Kwa hiyo usiseme, "Mimi natumia Gmail, niko salama." Ukuta wa Google unaweza kuwa imara na mlango wako uko wazi.

Sasa, wale wadukuzi waliingiaje kwenye makampuni makubwa vile? Njia moja ilikuwa kivinjari, yaani ile programu unayofungulia intaneti, kama vile leo tunavyotumia Chrome, Safari au Opera. Kivinjari chenyewe kilikuwa Internet Explorer 6, kilichotoka mwaka 2001. Toleo la 8 lilikuwa limeshatoka tangu Machi 2009, lakini maofisini watu walikuwa bado wameng'ang'ania lile kuukuu. Udhaifu ulikuwemo hata kwenye matoleo mapya, ila lile la 8 lilikuwa na kinga za ziada. Shambulio lililoonekana lilimpata yule wa toleo la 6.

Udhaifu wenyewe ulikuwaje? Hebu fikiria nyumba za kupanga. Mpangaji wa chumba namba tano amehama, na mwizi akawahi kuingia. Mwenye nyumba, kwa mazoea, bado anapeleka funguo za geti chumba namba tano bila kuuliza nani yumo. Ndivyo Internet Explorer ilivyofanya. Kitu kikiondolewa kwenye ukurasa, nafasi yake katika kumbukumbu ya kompyuta huachwa wazi. Lakini kivinjari kiliendelea kuitumia nafasi ileile kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwenye ukurasa mbaya anawahi kuijaza maagizo yake, na kompyuta inayatii.

Hukuombwa paswadi. Hukupakua chochote. Kufungua ukurasa tu kulitosha.

Mambo yakawa mazito. Mamlaka za usalama wa kompyuta za Ujerumani, kisha Ufaransa, ziliwashauri wananchi watumie kivinjari kingine kwa muda. Tarehe 21 Januari, Microsoft ikatoa kiraka cha kuziba tundu hilo. Baadaye ilikiri kwamba ilikuwa imejulishwa tangu Septemba 2009. Kwa hiyo makampuni nayo huchelewa, tusidanganyane.

Lakini hapa nisikilizeni vizuri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mambo ya kompyuta kuna ubaya zaidi ya huo. Kiraka kinapotoka, mdukuzi naye anakichukua. Analinganisha programu ya zamani na mpya, anaona palipobadilika, na hapo anajua ufa ulikuwa wapi. Siku ambayo wewe umebonyeza "baadaye", yeye ameshapata ramani ya nyumba yako.

Kisa cha pili kiko karibu zaidi nasi. Agosti 2016, Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki wa Falme za Kiarabu, alipokea ujumbe kwenye iPhone yake. Uliahidi siri mpya kuhusu mateso ya wafungwa magerezani nchini humo, na chini yake kulikuwa na linki. Yeye hakuibonyeza. Aliipeleka kwa watafiti wa Citizen Lab wa Toronto. Wakagundua kwamba angeibonyeza, Safari ingefunguka na udhaifu wa aina tatu ungetumika mmoja baada ya mwingine mpaka simu yote iwe mkononi mwa mpelelezi: simu zake, ujumbe wake, hata maikrofoni. Apple ikatoa kiraka tarehe 25 Agosti.

Oneni, siku ile hakuna kiraka ambacho kingemsaidia, kwa sababu kilikuwa hakijatengenezwa. Kilichomwokoa ni kidole chake kutulia. Lakini baada ya tarehe 25, asiyesasisha iPhone yake alijiachia mwenyewe.

Turudi kwetu. Bando ni ghali, sawa. Basi usisasishe kila kitu: anza na kivinjari, na fanya hivyo ukipata waifai. Simu imejaa? Futa video za zamani upate nafasi. Kwenye Android, Chrome unaisasisha yenyewe kupitia Google Play. Kwenye iPhone, Safari husasishwa pamoja na mfumo wote wa simu. Ukinunua simu ya mitumba, kabla hujatoa pesa fungua mipangilio uone ni Android namba ngapi. Tangu Desemba 2023, Chrome mpya haiingii kwenye Android 7. Simu inang'aa kwa nje, lakini viraka haipati tena. Na ukiwa saiba ukakuta kompyuta ina kivinjari cha kale, soma habari zako uondoke. Usifungue barua pepe hapo, wala akaunti yako ya eCitizen.

Mwisho, utasema, "Mimi ni nani hata nidukuliwe? Sina siri." Pengine huna. Lakini kwenye simu yako kuna namba ya mama yako. Kuna rafiki aliyekueleza jambo asilomwambia mtu mwingine. Kuna kijana aliyekutumia picha ya kitambulisho chake umsaidie kujaza fomu. Hao hawakuchagua kivinjari chako. Wamekuamini wewe, na amana ni amana hata ikiwa ndani ya simu.

Kwa hiyo leo usiku, kabla hujalala, kile kiujumbe usikifunge. Kibonyeze.