Hotuba ya Mweka Hazina Juu ya Bustani ya Machimboni



Wako wasemao kwamba machimbo ya mawe ni ardhi iliyokufa, na fedha tutakazochanga zitapotea. Nawakumbusha Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya saruji. Aina nyingi zilikufa, mivinje ikasimama. Jongoo wakala majani yake yaliyoanguka, udongo ukapatikana, hata pakawa bustani ya kutembelewa na watu.

Hofu yangu ni moja, nayo ni hati. Ardhi ya umma isiyo na hati huuzwa wenyewe wamelala. Basi naomba mchango wa kwanza ulipie hati, ndipo tununue miche. Kila atoaye na apewe stakabadhi. Haba na haba hujaza kibaba.