Kizunguzungu Changu Kina Jina

(Mazungumzo ya mama mmoja wa Kagunga, mkoani Kigoma, mbele ya kamati za parokia na wageni wafadhili)



Mimi ni mama wa watoto watatu. Nilipojifungua wa mwisho nilitokwa na damu nyingi sana. Ilikuwa usiku, ziwa limechafuka, na boti haikuweza kuondoka hadi alfajiri. Wenyeji mnajua kwamba njia tuliyoizoea kwenda Kigoma mjini ni ziwa.

Nilipona, lakini maziwa hayakutoka. Hedhi haikurudi. Nilisikia baridi jua likiwaka. Nikiinuka mkekani, dunia inazunguka. Mara mbili nilianguka mwaloni nikianika dagaa. Nikipimwa presha, iko chini. Nilipewa vidonge vya kuongeza damu. Majirani wakasema nimerogwa. Ilipita miaka minne.

Siku moja daktari mjini aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, uzazi wako wa mwisho ulikuwaje?" Damu ikapimwa homoni, na ugonjwa ukajulikana. Unaitwa ugonjwa wa Sheehan, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1937.

Chini ya ubongo iko tezi ndogo kama punje ya njegere, iitwayo pituitari. Wakati wa ujauzito hukua na kuhitaji damu nyingi. Mama akivuja damu sana, sehemu ya tezi hiyo hufa. Nayo ndiyo inayoziamuru tezi nyingine, zikiwemo zile zilizo juu ya figo, zinazotoa homoni ya kotisoli. Kotisoli ikikosekana, presha hushuka na nguvu huisha. Kifua kikuu nacho kinaweza kuziharibu tezi hizo za juu ya figo, hata kwa mwanamume.

Sasa nameza vidonge kila siku, na nitavimeza maisha yangu yote. Nainuka polepole. Nikipata homa naongeza dozi kama daktari alivyonielekeza. Nikitapika, vidonge havikai tumboni, kwa hiyo nahitaji sindano haraka. Mfukoni nina kadi inayoeleza hali yangu.

Mnakumbuka Mei 2015, ndugu zetu Warundi walipofika hapa kwa maelfu, kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba ikawa inawapeleka Kigoma. Mume wangu alinivusha mapema kwenda mjini. Kwa mtu kama mimi, kuhara na kutapika kunaweza kuua kwa saa chache.

Lakini adui yangu mkubwa ni nauli. Mwaka jana ilikosekana, nikawa nameza nusu kidonge kwa wiki mbili. Watoto walinikuta sakafuni. Dawa hii haikatizwi ghafla hata siku moja.

Wanakamati, nawaomba mambo mawili. Kwanza, tuwe na akiba ya mafuta ya boti, isiyoguswa kwa shughuli nyingine, kwa ajili ya mama anayevuja damu. Pili, mnapowatembelea wagonjwa, mama mwenye kizunguzungu kisichoisha mwulizeni kuhusu uzazi wake, kisha mpelekeni hospitali.

Wafadhili wetu, siombi jengo. Naomba vipimo vya presha katika vijiji vya mwambao, na dawa zisizokatika. Kidonge changu ni kidogo, lakini ndicho kilichonisimamisha mbele yenu leo.